Sista Anasema Anaendelea Vizuri, Mzani Unasema Ameshuka

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wasomaji wengi ambao barua zao hazikupata nafasi. Kwa msomaji mgeni: mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, naishi Uyole, Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya wodi ya watoto wachanga. Nakujibu kwa ninachokijua, lakini sijamshika mtoto wako. Aliyemshika ni daktari wake, kwa hiyo neno lake litangulie langu.

Shikamoo Sista. Mimi ni mama wa miaka 24, kwetu Tukuyu, ila nakuandikia nikiwa wodini hapa Mbeya mjini. Uchungu ulinishika nikiwa shambani nachuma chai, mimba ikiwa na wiki 30. Nimepata binti, gramu 1,350. Leo ni siku ya sita na ana gramu 1,230. Kila asubuhi wanampima, kila asubuhi anapungua, halafu sista ananiambia “anaendelea vizuri”. Anaendeleaje vizuri huku anapungua? Wanamtoboa kisigino mpaka kina madoa. Anapewa maziwa kwa mpira wa puani, mililita 8 kila saa 2, wakati mimi nakamua zaidi ya hayo. Juzi aliwekwa kwenye taa ya bluu, akafungwa macho. Jana aliacha kupumua, midomo ikabadilika rangi, muuguzi akamsugua mgongo ndipo akarudi. Na leo wamempunguzia oksijeni, mimi nilidhani wangeongeza! Mama mkwe amekuja, anasema mtoto anahitaji jua na uji mwepesi. Sielewi chochote, na naogopa kuuliza maana wauguzi wana haraka. — Mama Njiti, Tukuyu

Marahaba mwanangu, na ndaga, yaani asante, kwa kuandika katika hali hiyo. Tuanze na mzani, maana naona ndio unaokunyima usingizi.

Mtoto yeyote hupungua siku za mwanzo. Njiti hupungua zaidi, kwa sababu amezaliwa na maji mengi mwilini, ngozi yake nyembamba inayapoteza upesi, na maziwa anayopata bado ni machache. Tunakubali apungue mpaka kama asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, na wale wadogo sana huweza kuzidi hapo kidogo. Binti yako amepoteza gramu 120 kati ya 1,350. Haijafika asilimia 10. Kwa hiyo sista wako hakukudanganya, alichofanya ni kukupa jibu bila kukuonyesha hesabu. Tunategemea aurudie uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14, na kuanzia hapo ndipo mzani unapata haki ya kututisha. Kiwango tunachokitafuta ni gramu 15 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Kwake yeye itakuwa karibu gramu 20. Akipitisha siku kadhaa bila kuongezeka wakati huo, daktari hana budi kutafuta sababu: pengine anapata baridi, pengine maziwa hayatoshi, pengine ana maambukizi au damu imepungua. Namba ya asubuhi moja haitoshi kusema lolote. Nilikuwa nagombana sana na wanafunzi waliompima mtoto leo na kofia na nepi mbichi, kesho mtupu, halafu wanaandika kwenye faili kwamba ameporomoka.

Ukiniuliza mimi, namba ya kwanza ninayoitafuta nikifungua faili la njiti ni joto, uzito baadaye. Kwapani litakiwe kati ya 36.5 na 37.5. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, na hajui kutetemeka kama sisi tunavyotetemeka asubuhi ya Julai pale Uyole. Akipoa, anachoma sukari na oksijeni ili ajipashe, na yale maziwa uliyokamua usiku kucha yanaishia kwenye kutafuta joto badala ya kwenda kwenye mwili. Nimeona watoto wengi wenye “uzito usiopanda” ambao tatizo lao lilikuwa kitanda kilicho karibu na dirisha. Kitanda chako kiko wapi? Kama upepo unapita, omba uhamishwe, na mtoto akae kifuani kwako ngozi kwa ngozi saa nyingi kadiri wanavyokuruhusu.

Kisigino wanakitoboa kupima sukari, kwa sababu ya jambo hilohilo: hana akiba. Mtoto aliyetimiza miezi hulimbikiza akiba yake wiki za mwisho tumboni, na wa kwako hakuzifikia. Wengi hawataki ishuke chini ya 2.5 kwenye kile kimashine, maana ubongo wa mtoto unaitegemea. Maziwa yakishaongezeka na majibu yakawa mazuri mfululizo, kutobolewa kutapungua. Mpaka hapo, omba atobolewe akiwa kifuani kwako, au mdondoshee tone la maziwa yako mdomoni kwanza. Inampunguzia maumivu kweli, wala si mambo ya kubembelezana tu.

Sasa maziwa. Mililita 8 kila saa 2 ni mililita 96 kwa siku, na hesabu hiyo inapigwa kwa uzito wake, kama ilivyo kwa dawa. (Ndiyo sababu nyingine ya kumweka kwenye mzani kila asubuhi.) Yatapandishwa polepole mpaka afikie karibu mililita 150 hadi 180 kwa kila kilo kwa siku. Tunakwenda polepole kwa sababu utumbo wa njiti ni mchanga, na upo ugonjwa mbaya unaoweza kuuozesha. Wewe unayekaa naye kutwa ndiye utakayeona mapema: tumbo likijaa na kuwa gumu, akitapika rangi ya kijani, au ukiona damu kwenye choo chake, usisubiri raundi, ita mtu saa ileile. Mpira wa puani si adhabu wala dalili ya kukata tamaa. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi tatu kwa wakati mmoja, na wengi huziweza kwenye wiki ya 34 hivi. Binti yako sasa ana 31 tu. Wakikuruhusu mweke kwenye titi alambe, aizoee harufu, lakini usimtarajie ashibe hapo. Wewe endelea kukamua angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, hata kama yanabaki. Ukikamua kwa kiasi anachokunywa leo, mwezi ujao akihitaji mara tatu ya hapo titi litakuwa limeshazoea uchache. Yanayobaki uliza kama yanaweza kuhifadhiwa kwenye friji ya wodi, chupa ikiwa imeandikwa jina lako na saa uliyokamua.

Uji hapana. Mwambie mama mkwe, kwa adabu zote, uji wa ulezi aliouwazia aupike, tena auwekee maziwa, lakini aunywe mama wa mtoto. Na ndizi za kwenu na maharage asisahau.

Taa ya bluu ni kwa ajili ya manjano. Chembe za damu za mtoto mchanga huvunjika kwa wingi na kutoa rangi ya njano, na ini la njiti bado halijaweza kuiondoa kwa kasi inayotakiwa. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo. Mwanga ule huibadilisha rangi hiyo ndani ya ngozi iweze kutoka kwa choo na mkojo. Macho hufungwa yasiumizwe. Jua la asubuhi haliwezi kufanya kazi ya ile taa. Kumwanika njiti wa kilo moja na robo nje, kwa baridi yetu hii, utamtibu manjano kwa kumpoza mwili mpaka hatarini. Hapo simpi mama mkwe hata nusu ya alama.

Kuhusu lile la kuacha kupumua najua lilikutoa roho. Sehemu ya ubongo inayokumbusha mapafu kazi yake haijakomaa, hivyo njiti wengi wa wiki zake husahau kupumua mara kwa mara. Tunahesabu kuwa ni tukio likifika sekunde 20, au likiwa fupi zaidi lakini mtoto akabadilika rangi au moyo ukapunguza mwendo. Kumsugua mgongo au unyayo mara nyingi kunatosha kumkumbusha. Kuna dawa pia, kafeini, hiyohiyo iliyomo kwenye kahawa ya Mbozi. Pasipo na kafeini hutumika aminofilini. Muulize daktari kama binti yako ameanzishiwa. (Na kabla mtu hajanielewa vibaya: sijasema mtoto apewe kahawa wala chai ya rangi. Dozi yake hupimwa kwa miligramu.) Matukio haya huandikwa, na kila siku isiyo na tukio ni hatua kubwa kwake kuliko gramu 20 za mzani. Kwa kawaida hupungua akikaribia wiki ya 34. Yakianza kuongezeka ghafla kwa mtoto aliyekuwa ametulia, hilo ni jambo jingine: hutafutwa maambukizi, kwa hiyo usishangae wakitoa damu na kuanza antibayotiki kabla majibu hayajarudi.

Na oksijeni. Hapa wazazi wengi hugombana na wauguzi bila sababu. Oksijeni kwa njiti ni dawa, nayo ina dozi. Kile kitaa chekundu kilichofungwa mguuni kinasoma kiasi cha oksijeni kwenye damu. Akiwa kwenye mashine au mrija tunataka isome kati ya 90 na 95. Ikisoma 99 wewe unafurahi, sisi tunapunguza, kwa sababu mishipa ya damu ya nyuma ya jicho la njiti bado inakua, na oksijeni ya kupindukia huivuruga. Miaka ya 1940 na 1950 huko Ulaya na Marekani watoto wengi sana walipofuka kabla sababu haijajulikana. Mwanamuziki Stevie Wonder ni mmoja wao, alizaliwa njiti mwaka 1950. Kwa hiyo leo walipopunguza na mtoto akabaki salama, hiyo ndiyo habari njema ya barua yako yote, nawe umeiandika kama msiba. Ila liandike hili pembeni: aliyezaliwa na wiki 30 apimwe macho na daktari wa macho akiwa na umri wa wiki 4 hivi. Kipimo hiki husahaulika, hasa mtoto akiruhusiwa mapema, na ugonjwa huo hauonekani kwa kumwangalia usoni. Usitoke hospitali bila tarehe ya macho, hata kama utaelekezwa hospitali nyingine.

Utaona pia wanampima kichwa kwa tepu kila wiki. Kikikua upesi kupita kiasi, au utosi ukivimba, watamfanyia picha ya mawimbi ya sauti kupitia utosini kuangalia kama kuna damu au maji ndani ya ubongo. Haiumi.

Umesema unaogopa kuuliza. Nunua daftari la shule, lile dogo. Kila siku andika uzito, joto, maziwa, oksijeni, na mara ngapi amesahau kupumua. Halafu kwenye raundi usiulize “anaendeleaje?” Swali hilo mimi mwenyewe nililijibu “vizuri” maelfu ya mara nikiwa natembea. Uliza “jana oksijeni ilikuwa ngapi, leo ngapi, na kesho mnategemea nini?” Muuguzi mwenye haraka atakujibu namba kwa sababu namba ni rahisi kuijibu. Akikukaripia, ngoja zamu ibadilike, umuulize mwingine. Wapo wakali, siwezi kukana, nimefanya nao kazi.

Kamwene Sista. Mke wangu amejifungua mapacha wa wiki 32, mmoja gramu 1,700, mwingine 1,400. Mkubwa anabebwa kifuani, mdogo yuko kwenye mashine ya joto kwa sababu mke wangu anasema wawili hawawezi, amechoka. Muuguzi ameniambia mimi baba nimbebe mmoja. Sijawahi kusikia. Mzee wangu anasema mwanamume kufungwa mtoto kifuani ni kichekesho. Je, inasaidia kweli au ni kwa sababu hospitali haina mashine za kutosha? — Baba Mapacha, Makambako

Kamwene baba. Umeuliza vizuri, kwa sababu mwanzo wake kweli ulikuwa upungufu wa mashine. Mwaka 1978 kule Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa, watoto wakilala zaidi ya mmoja kwenye inkubeta moja na kuambukizana. Akaanza kuwafunga kwenye vifua vya mama zao. Lililoanza kama njia ya maskini likaonekana kushinda njia ya matajiri. Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hii yetu Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2021: watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 waliowekwa kifuani mapema tangu kuzaliwa, bila kusubiri kwanza wapate nafuu, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo kuliko waliosubirishwa. Mwaka uliofuata shirika hilo likatoa mwongozo kwamba njiti abebwe kati ya saa 8 na saa 24 kwa siku, kadiri iwezekanavyo. Hesabu mwenyewe: mkeo ana kifua kimoja, watoto wawili, na anatakiwa pia akamue maziwa, ale, aoge na alale. Bila wewe hesabu haitimii.

Kifua cha baba kina joto lilelile. Nywele hazina shida. Oga, usijipake manukato, kata kucha, vua saa na pete, vaa shati la vifungo. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu, akae wima, kifua chake juu ya chako, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, mikono na miguu imekunjwa mkao wa chura. Khanga au kitenge kimfunge imara mpaka chini ya sikio, usilegeze hadi ateleze, usikaze hadi tumbo lake likose pa kupumulia. Ukilala, lala kwa kuegemea mto, usilale chali wala kifudifudi. Ukiwa na mafua au kikohozi, usimbebe. Ukivuta sigara, acha kabisa. Na siku uliyopitia kilabuni kunywa ulanzi, siku hiyo mwachie shangazi, kwa sababu mtu aliyelewa hulala usingizi usiosikia mtoto aliyeteleza.

Mdogo kama anapumua mwenyewe na hali yake imetulia, muulize daktari kama naye anaweza kuanza kifuani, japo kwa zamu. Ila usiwapime kwa kulinganisha. Wazazi wa mapacha wana tabia hii: mkubwa akiongeza gramu 30 na mdogo 25, wanaona mdogo ana kasoro. Kwa uzito wake yuko sawasawa na kaka yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana.

Mzee wako sibishani naye. Mwalike aje saa ya kuona wagonjwa akukute umembeba. Babu wa namna hiyo nimewaona wakiomba wapewe wao zamu inayofuata.

Sista mwenzangu, mimi ni bibi wa Makete. Mjukuu wangu alizaliwa na kilo 1 na gramu 200, sasa ana 1,850 na wanasema wiki ijayo ataruhusiwa. Nafurahi, ila huku kwetu mwezi huu asubuhi majani yana barafu. Binti yangu anataka akae mjini, mimi nasema aje nimtunze, chumba nitakiwekea jiko la mkaa usiku kucha. Nani yuko sahihi? — Bibi, Makete

Mwenzangu, kumtunza uko sahihi. Jiko la mkaa hapana, na hapo sitalegeza. Mkaa unaowaka, hata ukiwa mwekundu bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kila mwaka huku Nyanda za Juu tunasikia watu wazima waliolala na jiko ndani wasiamke. Mtoto wa chini ya kilo mbili ndiye wa kwanza kuzidiwa. Kama lazima chumba kipashwe, jiko liwake mlango ukiwa wazi, litolewe nje, hewa ibadilike, ndipo mama na mtoto waingie. Chupa ya maji ya moto pembeni yake pia iache, ngozi yake inaungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida. Kitakachompasha usiku kucha ni kifua cha mama yake, blanketi juu yao wote wawili, kofia kichwani, na wewe ukimpokea mama apumzike. Mwulize mwanao kama amefundishwa kupima joto, na kabla ya kuondoka wodini wanunue kipimajoto. Bila kipimajoto, gusa miguu: ikiwa ya baridi kuliko tumbo, ameanza kupoa.

Kuhusu wapi akae, ningeuliza kwanza umbali kutoka kwako mpaka kituo cha afya, na barabara wakati wa mvua. Baada ya kuruhusiwa anatakiwa arudi kupimwa karibu kila wiki mpaka afikishe kilo 2.5. Kama kutoka kwako ni safari ya nusu siku, basi binti yako ana hoja; wewe ndiye uende mjini. Popote atakapokuwa, apelekwe haraka akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikiingia ndani, akiwa na joto linalozidi 37.5 au linaloshuka chini ya 35.5 na halipandi, akishtuka-shtuka kwa degedege, akilegea mpaka lazima umtikise ndipo asogee, au viganja na nyayo zikiwa za manjano. Kuogesha kusiwe kila siku, kumpangusa kunatosha. Na wageni wa kuja kumwona mtoto wamwone kwa mbali. Wenye mafua wamwonee dirishani.

Jambo moja zaidi. Gramu 1,850 peke yake si tiketi ya kutoka. Ataruhusiwa kwa sababu anaongezeka mfululizo, ananyonya au anakunywa kwa kikombe vizuri, joto limetulia bila mashine, na hajasahau kupumua kwa siku kadhaa. Binti yako aulize hayo yote manne. Likikosekana moja, msiwe na haraka ya basi.

Sista, mwanangu alizaliwa wiki ya 31, sasa ana miezi 7 na hajui kukaa. Mtoto wa jirani wa miezi 6 anakaa. Jirani ananiambia kwa kuwa alikuwa njiti hata chanjo ningezichelewesha. — Mwalimu, Mafinga

Mwalimu, alikuja wiki 9 kabla ya siku yake. Toa karibu miezi miwili. Kwa maendeleo, huyo ni mtoto wa miezi 5, na watoto wa miezi 5 wengi hawakai wenyewe. Hata waliozaliwa kwa wakati wapo wanaokaa karibu na miezi 9. Hesabu hiyo ya kutoa wiki itumie mpaka afike miaka 2, kwa kukaa, kutambaa, kutembea na hata kwa uzito kwenye kadi ya kliniki.

Kwenye chanjo, wiki hizo hazipunguzwi. Zinakwenda kwa tarehe ya kuzaliwa, yaani wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Njiti ndiye anayeumizwa zaidi na kifaduro na nimonia, kumchelewesha ni kumwacha uchi. Kama umechelewa, nenda wiki hii, wataendelea pale ulipoishia.

Mimi nisingeangalia kukaa. Ningeangalia kama anakufuata kwa macho, kama anageukia sauti yako ukiwa nyuma yake, kama mikono yote miwili inafunguka na kushika, kama miguu inakakamaa na kupishana ukimwinua. Ukiona shaka kwenye moja, mpeleke apimwe masikio na misuli sasa, usisubiri mwaka. Manjano makali na baadhi ya dawa tunazowapa wodini huweza kugusa usikivu, kwa hiyo kipimo cha masikio ni haki yake hata kama unaona anasikia.

Sista, nafanya kazi kampuni binafsi hapa Iringa. Mtoto wangu njiti bado yuko wodini, na mwajiri anasema siku 84 zinahesabiwa tangu nilipojifungua, basi. Nitarudi kazini mtoto akiwa na kilo mbili? — Mama wa Ipogolo

Siku 84 zenye malipo ndizo za sheria ya ajira, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yameongeza muda kwa mama aliyejifungua njiti. Huenda mwajiri wako hajayasoma. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa wakusomee kifungu na wakuhesabie tarehe zako. Kabla ya hapo omba daktari akuandikie barua inayotaja mimba ilikuwa na wiki ngapi siku uliyojifungua, maana neno “njiti” peke yake halina hesabu ndani yake. Mwajiri mpelekee nakala, barua yenyewe baki nayo.